Abraham-Louis Breguet

Abraham-Louis Breguet (Neuchâtel, 10 Januari 1747 – Paris, 17 Septemba 1823) alikuwa fundi saa na mvumbuzi aliyezaliwa katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Uswisi, akafanya kazi karibu maisha yake yote mjini Paris, Ufaransa. Wataalamu wengi wa saa humhesabu kuwa mmoja wa mafundi wakuu kabisa katika historia ya kazi hiyo.

Anajulikana hasa kwa uvumbuzi wa turbiyoni, kwa kamani inayoitwa kwa jina lake, na kwa saa zilizojitia ufunguo zenyewe mfukoni mwa mwenye nazo. Lakini uvumbuzi wake unaowafikia watu wengi zaidi leo ni ule wa mwaka 1790: chombo kidogo cha kukinga mashine ya saa isivunjike inapoanguka au kugongwa. Karibu kila saa ya mkononi ya kutia ufunguo inayotengenezwa siku hizi ina kinga iliyojengwa juu ya wazo hilo.

Utoto na elimu

Breguet alizaliwa Neuchâtel, mji ulio kando ya ziwa lenye jina hilohilo, chini ya milima ya Jura. Wakati huo Neuchâtel haikuwa sehemu ya Uswisi. Ilikuwa utemi mdogo chini ya mfalme wa Prussia, na iliingia katika shirikisho la Uswisi mwaka 1814 tu. Wazazi wake, Jonas-Louis Breguet na Suzanne-Marguerite Bolle, walikuwa Waprotestanti. Ukoo wa Breguet ulikuwa na asili ya Ufaransa, kama zilivyokuwa familia nyingi za Kiprotestanti za eneo hilo, ambazo zilihama baada ya mfalme Louis XIV kufuta uhuru wao wa kuabudu mwaka 1685.

Baba yake alifariki Abraham-Louis akiwa na umri wa miaka 11 hivi. Mama yake aliolewa tena na Joseph Tattet, mtu wa ukoo wa mafundi na wauzaji wa saa waliokuwa na biashara Paris. Baba huyo wa kambo ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo. Inasemekana kwamba mwanzoni kijana hakuipenda, lakini baada ya muda mfupi ikaonekana wazi kwamba mikono yake ilikuwa na kipaji.

Mwaka 1762, akiwa na umri wa miaka 15, alipelekwa Ufaransa kujifunza kwa fundi saa mmoja huko Versailles, mji wa jumba la kifalme. Hakutosheka na mafunzo ya mikono peke yake. Jioni alihudhuria masomo ya hisabati katika Collège Mazarin mjini Paris, kwa padre Joseph-François Marie, mwalimu aliyeheshimiwa. Padre huyo alikiona kipaji cha mwanafunzi wake, akamfungulia njia ya kujulikana kwa watu wa ikulu. Masomo hayo ya jioni yalikuwa na faida kubwa baadaye: mafundi wengi wa zama zake walijua kutengeneza saa kwa kuiga waliyoyaona kwa bwana wao, lakini Breguet aliweza kujiuliza kwa nini chombo fulani kinafanya kazi au kinashindwa, na kulitafutia swali hilo jibu la kisayansi.

Karakana ya Quai de l'Horloge

Mwaka 1775 alimwoa Cécile Marie-Louise L'Huillier. Mwaka huohuo alifungua karakana yake mwenyewe katika Quai de l'Horloge, kwenye kisiwa cha Île de la Cité katikati ya Paris. Jina la mahali hapo lina maana ya gati la saa, kwa sababu ya saa kubwa ya hadharani iliyowekwa kwenye mnara wa jumba la zamani la wafalme. Mwaka 1776 alizaliwa mtoto wao wa kiume, Antoine-Louis. Furaha ya nyumba hiyo haikudumu, maana mke wake alifariki mwaka 1780, naye Breguet akiwa na umri wa miaka 33 akabaki na mtoto mdogo na karakana changa.

Mwaka huohuo alianza kuuza saa alizoziita perpétuelle, yaani za daima. Ndani yake mlikuwa na kipande kizito cha platini kilichochezacheza mwenye saa alipotembea, na mchezo huo ukaikaza kamani kuu bila ufunguo. Breguet hakuwa mtu wa kwanza kujaribu jambo hilo, lakini saa zake zilifanya kazi vizuri kuliko zilizotangulia, nazo zilinunuliwa na watu wa ukoo wa kifalme, akiwemo malkia Marie Antoinette.

Mwaka 1783 alibadilisha saa zinazogonga. Kabla yake, saa ya mfukoni iliyotaja wakati kwa sauti ilikuwa na kengele ndogo ndani, nayo kengele iliifanya kuwa nene. Breguet aliiondoa kengele, akaweka waya wa chuma uliopindwa kuizunguka mashine, ukigongwa na nyundo ndogo. Saa zikawa nyembamba na sauti ikawa tamu. Katika miaka hiyohiyo alibuni mishale myembamba yenye tundu la mviringo karibu na ncha. Mishale hiyo bado inatumiwa na viwanda vingi vya saa na inaitwa kwa jina lake.

Tatizo la saa inayoanguka

Ili kuuelewa uvumbuzi wa mwaka 1790 ni lazima kuelewa kwanza udhaifu mkubwa wa saa za kutia ufunguo. Nguvu ya saa hutoka katika kamani kuu iliyokazwa, lakini kinachopima wakati ni gurudumu la mizani. Gurudumu hilo huenda upande huu na kurudi upande ule bila kukoma, likiongozwa na kamani nyembamba kama unywele, kwa kawaida mara nne au tano au zaidi kwa kila sekunde. Kila mwendo wake ukichelewa au kuharakishwa kidogo, kosa hujumlika, na baada ya siku moja saa huonyesha wakati usio sahihi.

Ili liende kwa uhuru, gurudumu la mizani hushikwa na mhimili ambao ncha zake mbili ni nyembamba sana, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha hizo huzunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa katika vito, kwa kawaida yakuti, maana kito hakiliki upesi kama chuma. Ncha ikiwa nyembamba msuguano hupungua na saa huwa sahihi. Lakini gurudumu lenyewe ni zito likilinganishwa na ncha zinazolibeba. Saa ikianguka sakafuni, mwili wake husimama ghafla, ila gurudumu hutaka kuendelea na mwendo wa kuanguka. Uzito wote huo huangukia ncha mbili nyembamba. Ncha hupinda au kuvunjika, au kito hupasuka, na saa husimama.

Fundi alikuwa na njia mbili tu za kuchagua. Akizifanya ncha ziwe nene, saa ilivumilia misukosuko lakini haikuwa sahihi. Akizifanya nyembamba, saa ilikuwa sahihi lakini ilivunjika kwa kuponyoka mkononi mara moja. Katika karne ya 18 saa ilivutwa kutoka mfukoni mara nyingi kwa siku, tena na watu waliopanda farasi au kusafiri kwa magari ya kukokotwa juu ya barabara za mawe. Kutengeneza mhimili mpya ilikuwa kazi ya mkono ya fundi hodari, na msafiri aliyekuwa mbali na mji hakuwa na wa kumkimbilia.

Kinga ya kuanguka

Breguet hakuchagua njia yoyote kati ya hizo mbili. Alibaki na ncha nyembamba, lakini akaondoa ugumu wa mahali zilipokaa. Chombo chake alikiita pare-chute, maneno ya Kifaransa yenye maana ya kinga ya kuanguka.

Kwanza alibadilisha umbo la ncha. Badala ya kuwa mfano wa kijiti kilichonyooka, alizichonga zichongoke kama pia, nene kwenye shina na nyembamba mwishoni, kwa hiyo zikawa na nguvu zaidi. Pili, alikipa kito kinachoikabili ncha kishimo chenye umbo linaloifuata ncha hiyo. Tatu, na hili ndilo lililokuwa jipya kabisa, kito hicho hakukikaza kwenye bamba la mashine. Alikiweka kwenye mwisho wa ulimi mwembamba wa chuma cha pua unaonesa kama kamani.

Saa ikipata pigo, ncha hukisukuma kito, nacho hurudi nyuma kwa sababu ulimi unaokishika unakubali kupinda. Nguvu ya pigo humezwa na ulimi badala ya kuivunja ncha. Pigo likiisha, ulimi hunyooka, kito hurudi mahali pake, na umbo la kishimo huirudisha ncha katikati palepale ilipokuwa. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na saa huendelea na mwendo wake.

Kazi ilikuwa katika kupata kipimo. Ulimi ukiwa mgumu mno haukingi kitu. Ukiwa laini mno, gurudumu la mizani hutikisika hata mwenye saa akitembea tu, na usahihi hupotea. Breguet aliendelea kukirekebisha chombo hicho kwa miaka mingi baada ya 1790, na kikawa sehemu ya kawaida ya saa zake bora. Saa za perpétuelle zilikihitaji kwa namna ya pekee, kwa kuwa saa ya namna hiyo huishi kwa kutikiswa.

Kuna masimulizi maarufu kuhusu namna alivyoutangaza uvumbuzi huo. Inasimuliwa kwamba alikuwa mgeni nyumbani kwa Talleyrand, mwanasiasa maarufu wa Ufaransa aliyekuwa mmoja wa wateja wake, na mbele ya watu wote akaitupa saa sakafuni. Wageni walishtuka. Saa ilipookotwa ikakutwa bado inakwenda. Haijulikani kama mambo yalitokea hasa hivyo, lakini masimulizi hayo yanaonyesha jinsi watu wa zama zake walivyoona ajabu saa nzuri kuanguka na kupona.

Wakati wa Mapinduzi

Uvumbuzi huo ulifanyika katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza mwaka 1789. Wateja wengi wa Breguet walikuwa watu wa tabaka la juu, na mmoja baada ya mwingine walikimbia nchi, walifungwa au waliuawa. Ushirikiano wake wa kibiashara na Xavier Gide, ulioanza mwaka 1787, ulivunjika mwaka 1791. Breguet mwenyewe aliunga mkono mabadiliko ya kisiasa, lakini mtu aliyewauzia saa mfalme na malkia hakukosa kutiliwa shaka.

Mmoja wa marafiki zake alikuwa Jean-Paul Marat, daktari na mwandishi wa magazeti aliyekuwa miongoni mwa viongozi wakali wa Mapinduzi. Marat naye alizaliwa katika utemi wa Neuchâtel, katika mji mdogo wa Boudry. Inasimuliwa kwamba siku moja wawili hao walikuwa katika nyumba ya rafiki, na umati wa watu wenye hasira ukakusanyika nje ukimtaka Marat. Breguet alimvika nguo za bibi kizee, akamshika mkono, wakatoka na kupita katikati ya umati bila yeyote kumtambua.

Inasimuliwa pia kwamba wema huo ulilipwa. Mwaka 1793 Breguet alipokuwa hatarini, Marat alimsaidia kupata hati ya kusafiri. Marat aliuawa na Charlotte Corday tarehe 13 Julai mwaka huo. Katika kiangazi hichohicho Breguet aliondoka Paris pamoja na jamaa zake. Malkia Marie Antoinette alikatwa kichwa tarehe 16 Oktoba 1793.

Breguet alipita Geneva na Neuchâtel, kisha akakaa Le Locle, mji wa mafundi saa milimani, akaanzisha karakana ndogo. Ilikuwa miaka migumu kwa mtu aliyezoea kuwa na wateja wakubwa na mafundi wengi chini yake. Hata hivyo aliitumia kufikiri na kuchora, na mengi aliyoyatoa baadaye yalizaliwa katika kipindi hicho cha uhamisho.

Kurudi Paris

Alirudi Paris mwaka 1795, akaanza kuijenga upya biashara yake katika Quai de l'Horloge. Uvumbuzi ulifuatana kwa haraka.

Wa kwanza ulihusu kamani ya gurudumu la mizani. Kamani hiyo ni bapa na imejiviringisha kama konokono. Ikijikunja na kujikunjua huegemea upande mmoja na kuisukuma mihimili. Breguet aliinyanyua sehemu ya mwisho ya kamani juu ya nyingine, akaipinda kuelekea katikati. Hapo ikaanza kujikunja na kujikunjua sawasawa kwa pande zote. Aliligundua jambo hilo kwa majaribio ya mikono. Mwanahisabati Mfaransa Édouard Phillips ndiye aliyelieleza kwa hesabu kamili, mwaka 1861. Kamani hiyo inaitwa hadi leo kamani ya Breguet.

Wa pili ni turbiyoni, aliyopewa hataza yake tarehe 26 Juni 1801. Neno lake la Kifaransa, tourbillon, lina maana ya kimbunga au mzunguko wa kasi. Saa ya mfukoni ilikaa wima kwa muda mrefu, na uvutano wa Dunia uliharakisha au kuchelewesha gurudumu la mizani kadiri uzito wake ulivyolalia upande mmoja. Breguet aliliweka gurudumu hilo na sehemu zinazoliendesha ndani ya kizimba kidogo kinachozunguka chenyewe, kwa kawaida mara moja kwa dakika. Makosa ya upande mmoja yakafutwa na yale ya upande wa pili. Chombo hicho kilikuwa kigumu kutengeneza, na katika maisha yake ziliuzwa saa chache tu za namna hiyo.

Hakuwasahau watu wenye fedha kidogo. Kuanzia mwaka 1796 aliuza saa rahisi yenye mshale mmoja tu, ambayo mnunuzi aliagiza kwa kutanguliza robo ya bei. Fedha hizo ziliiwezesha karakana kununua vifaa na kuwalipa mafundi. Mwaka 1799 alitoa saa ya kugusa: mshale mnene juu ya kifuniko ulimwezesha mtu kujua wakati kwa vidole, gizani au mbele ya watu, bila kuifungua.

Kadiri jina lake lilivyokua ndivyo saa bandia zenye jina hilo zilivyoongezeka. Dawa yake ilikuwa sahihi ya siri, iliyochorwa kwenye uso wa saa kwa herufi ndogo sana zinazoonekana tu mwanga ukipiga kwa mshazari. Tena kila saa iliyouzwa iliandikwa katika daftari pamoja na namba yake na mnunuzi wake. Madaftari hayo yamehifadhiwa, na ni hazina kwa wanahistoria.

Wateja na marafiki

Mwezi wa Aprili 1798, kabla ya kwenda vitani Misri, jenerali Napoleon Bonaparte alinunua kwa Breguet saa tatu, mojawapo ikiwa saa ya safari ya kuweka mezani. Wateja wengine walikuwa mfalme mkuu Aleksanda I wa Urusi, George IV wa Uingereza na sultani Selim III wa milki ya Waosmani. Kwa soko la Waturuki karakana ilitengeneza saa zenye tarakimu za Kituruki na mapambo ya rangi ya kioo. Washindi na washindwa wa vita vya Ulaya walikuwa na saa za fundi mmoja: Duke wa Wellington, aliyemshinda Napoleon huko Waterloo, alikuwa mteja pia.

Mwaka 1810 Caroline Murat, dada wa Napoleon na malkia wa Napoli, aliagiza saa ya kuvaa mkononi, ikiwa na ukanda uliosukwa kwa nywele na nyuzi za dhahabu. Ilikamilika mwaka 1812. Ni mojawapo ya saa za kwanza kabisa zinazojulikana kutengenezwa kwa ajili ya mkono, karibu miaka 100 kabla ya watu wa kawaida kuanza kuvaa saa za namna hiyo.

Kati ya mafundi, rafiki yake mkubwa alikuwa Mwingereza John Arnold, mtengenezaji wa saa za baharini. Walithaminiana sana hata kila mmoja akampokea mtoto wa mwenzake kujifunza kazi. Arnold alifariki mwaka 1799. Mwaka 1808 Breguet aliichukua saa iliyotengenezwa na Arnold, akaweka ndani yake mojawapo ya turbiyoni zake za kwanza, akaandika juu yake kumbukumbu ya rafiki yake, na kumpa mtoto wa marehemu, John Roger Arnold. Saa hiyo imo leo katika British Museum mjini London. Wakati huo nchi zao mbili zilikuwa vitani.

Inasimuliwa pia kwamba alikuwa mwema kwa wafanyakazi. Fundi alipomletea hati ya malipo iliyoishia na sifuri, Breguet aliiongezea sifuri hiyo mkia ikawa tisa.

Saa za baharini na heshima za serikali

Katika zama hizo saa iliyo sahihi ilikuwa suala la uhai na kifo baharini. Nahodha alijua yuko umbali gani mashariki au magharibi kwa kulinganisha wakati wa Jua la mahali alipo na wakati wa bandari ya nyumbani, uliotunzwa na saa ya meli. Kosa la sekunde nne tu ni sawa na maili moja ya bahari kwenye Ikweta. Kosa la dakika moja ni maili 15, umbali wa kutosha kuipeleka meli juu ya mwamba usiku.

Breguet alitengeneza saa za meli, na heshima zikafuata. Mwaka 1814 aliingizwa katika Bureau des longitudes, taasisi ya Ufaransa iliyosimamia elimu ya nyota na vipimo vya safari za bahari. Mwaka 1815 mfalme Louis XVIII alimteua kuwa fundi saa wa jeshi la majini. Mwaka 1816 aliingia katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mwaka 1819 akapokea nishani ya Légion d'honneur.

Mtoto wake Antoine-Louis alikuwa mshirika rasmi wa kampuni tangu mwaka 1807. Uzeeni Breguet alipungukiwa na kusikia, lakini aliendelea na kazi. Alifariki Paris tarehe 17 Septemba 1823 akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise.

Saa namba 160

Mwaka 1783 karakana ilipokea agizo la saa ya malkia Marie Antoinette. Masharti yalikuwa kwamba iwe na kila utaalamu uliojulikana wakati huo, na dhahabu itumike badala ya madini mengine kila ilipowezekana. Muda na gharama havikuwekewa mpaka. Malkia aliuawa miaka 10 baadaye bila kuiona. Kazi ilisimama, ikaendelea, na saa ikakamilika mwaka 1827, miaka minne baada ya kifo cha Breguet mwenyewe. Hujitia ufunguo yenyewe, hugonga saa na dakika, huonyesha tarehe na kipimojoto, na gurudumu lake la mizani linalindwa na kinga ya kuanguka.

Katika karne ya 20 saa hiyo ilikuwa mali ya Mwingereza David Salomons, kisha ikawekwa katika jumba la makumbusho la L. A. Mayer mjini Yerusalemu. Mwaka 1983 iliibwa pamoja na saa nyingine nyingi, na kupatikana kwake kulitangazwa mwaka 2007.

Urithi

Ukoo wa Breguet uliendelea na sayansi. Mjukuu wake Louis Breguet (1804–1883) alijulikana kwa vyombo vya simu za waya na umeme, na jina lake ni mojawapo ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel. Mzawa mwingine, Louis Charles Breguet (1880–1955), alikuwa mmoja wa waanzilishi wa usafiri wa ndege nchini Ufaransa. Kampuni ya saa iliuzwa nje ya familia mwaka 1870. Tangu 1999 ni mali ya kundi la Swatch la Uswisi. Jina la Breguet liliingia hata katika fasihi: Aleksandr Pushkin aliitaja saa ya Breguet katika riwaya yake ya kishairi Eugene Onegin.

Kinga ya kuanguka ilibaki kwa muda mrefu kuwa kitu cha saa za bei kubwa. Hali ilibadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu walipoiacha saa ya mfukoni na kuvaa saa mkononi. Mkono hugonga milango, hupiga nyundo, hulima na kucheza mpira. Saa iliyofungwa hapo hupata mapigo mengi kuliko ile iliyotulia mfukoni. Katika miaka ya 1930 mafundi wa Uswisi walitoa kinga iitwayo Incabloc. Ndani yake vito vyote viwili, kile chenye tundu na kile cha kufunika, hukaa katika kikombe kimoja kinachoshikwa na kamani yenye umbo la kinubi. Pigo likija, kikombe husogea, na sehemu nene ya mhimili huegemea ukuta imara kabla ya ncha kuumia. Kisha kamani hurudisha kila kitu mahali pake. Viwanda vya Japani vilifuata na kinga zao, kama Diashock ya Seiko na Parashock ya Citizen.

Leo kuna kanuni ya kimataifa, ISO 1413, inayoeleza ni saa gani inaruhusiwa kuitwa ya kuhimili mapigo. Kipimo chake ni pigo linalolingana na kuanguka kutoka kimo cha mita moja juu ya sakafu ya mbao ngumu, na baada yake saa iendelee kwenda bila mwendo wake kubadilika kwa zaidi ya sekunde 60 kwa siku. Ni jaribio lilelile linalosimuliwa kufanywa nyumbani kwa Talleyrand, isipokuwa sasa linafanywa kwa mashine, na saa inayofaulu inaweza kuwa ya bei ya mtu wa kawaida.